Mgema Amesifiwa Vya Kutosha

Nitalisema mapema ili mwenye kuudhika audhike tungali na muda wa kubishana: vijana wa Nairobi tunanunua bia, tunaipiga picha, tunaimeza, lakini hatuionji. Tunaihesabu kwa chupa tupu zilizojaa mezani, kana kwamba ni mabao. Kuonja kwa maana ile ya shosho anayedondoshea mchuzi kiganjani, akaulamba, akanyamaza kidogo, kisha akasema "ongeza chumvi", hilo hatulifanyi. Na mnunuzi asiyeonja huuziwa chochote.

Wazee waliliona zamani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shuleni tulifunzwa kwamba methali hiyo inamwonya mgema asilewe sifa. Tukaitumia kwenye insha, tukapewa alama, tukasonga. Mimi naisoma kutoka upande wa mteja. Mgema hawezi kutia maji wiki baada ya wiki kama hakuna mnywaji anayeendelea kusifu huku tembo likizidi kuwa jepesi. Kosa hilo lina watu wawili. Mmoja ametia maji. Mwingine ana ulimi na hakuutumia.

Ushahidi wangu ni glasi moja tu: pilsner ya krafti iliyotiwa hopsi nyingi, ile inayopikwa na viwanda vidogo na kuuzwa kwa bei inayokufanya uangalie menyu mara mbili.

Najua ukisema "pilsner" kwenye baa yoyote kutoka Kayole hadi Kakamega utaletewa chupa yenye simba. Sina ugomvi na simba. Lakini kabla pilsner haijawa jina la chupa ilikuwa jina la aina ya bia, na aina hiyo ilizaliwa kwa malalamiko. Plzeň ni mji wa Bohemia, katika nchi ambayo leo tunaiita Ucheki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1838 bia ya mji huo ilikuwa mbovu kiasi kwamba mapipa 36 yalimwagwa hadharani mbele ya ofisi za mji. Wenyeji waliokuwa na haki ya kupika pombe wakaungana, wakajenga kiwanda kimoja cha pamoja, wakamwajiri mpishi kutoka Bavaria aliyeitwa Josef Groll. Oktoba 1842 Groll akapika bia ambayo watu wa huko hawakuwa wameizoea: rangi ya dhahabu, angavu hadi unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi, chungu kwa mpangilio. Alitumia kimea cheupe kilichokaushwa kwa mbinu ya Waingereza, maji laini ya Plzeň, hopsi za Žatec, na hamira ya Bavaria inayofanya kazi polepole kwenye baridi.

Bia nyingi za dhahabu zinazonyweka duniani leo zinafuata njia iliyofunguliwa na glasi ile, pamoja na ile Tusker ya babako. Kwa hivyo ukiniambia kwamba kulalamika kuhusu bia ni kujifanya, nitakukumbusha kwamba bila watu waliolalamika usingekuwa na hiyo iliyo mkononi mwako.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1996, kaskazini mwa Italia, katika kijiji cha Lurago Marinone, mpishi Agostino Arioli wa Birrificio Italiano alipika pilsner aliyoiita Tipopils. Alichofanya ni kuongeza hopsi nyingine baada ya bia kupoa, ikiwa bado inatulia kwenye tangi, jinsi Waingereza walivyozoea kufanya na bia zao za mapipa. Uchungu haukuongezeka sana; harufu ndiyo iliyofunguka. Wamarekani wakaonja. Firestone Walker wa California wakatengeneza Pivo, na hawakuficha kwamba ni Tipopils iliyowapa wazo. Leo wapishi wa nchi nyingi wanaipika aina hiyo, na bomba la pilsner yenye hopsi katika mji wetu ni mjukuu wa ukoo huo.

Kwa nini nimechagua hii na si stauti nzito ama IPA inayopiga kelele? Kwa sababu pilsner ni kama ugali. Ugali ni maji na unga, basi. Hakuna kitunguu cha kuficha, hakuna royco. Ndiyo maana kila mtu anaweza kuupika na kila mtu anamjua asiyejua kuupika. Stauti ina kimea kilichochomwa hadi kikawa kama kahawa; kosa la mpishi linaweza kujificha humo gizani. IPA ina hopsi za kutosha kufunika dhambi. Pilsner ina kimea cheupe, hamira iliyo kimya, maji, na hopsi juu yake. Ukikosea, umekosea mchana kweupe. Mtu akitaka kujua kama kiwanda kinajua kazi yake, aanzie hapo.

Sasa hopsi ni nini? Ni maua ya mmea unaotambaa kama mpasheni, maua ya kijani yenye umbo la koni ndogo, na ndani yake kuna unga wa manjano unaonata. Mmea huo ni wa ukoo mmoja na bangi. Ndiyo, ni binamu. Kwa hivyo siku utakayoinusa pilsner iliyotiwa hopsi vizuri ukahisi kuna harufu unayoifahamu kutoka mahali fulani, usishtuke, na usieleze ni wapi.

Hopsi zinafanya kazi mbili tofauti, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Zikichemshwa kwa muda mrefu zinatoa uchungu. Lakini mafuta yake ya harufu ni mepesi, yanapaa na mvuke, kwa hiyo hopsi za mwanzo haziachi harufu nyingi. Mpishi anayetaka harufu anaongeza nyingine moto unapokaribia kuzimwa, na nyingine bia ikiwa baridi. Uchungu na harufu ni vitu viwili, vinavyotiwa kwa nyakati mbili. Ukijua hilo tu, tayari una swali la kuuliza kila unapoinua glasi: uchungu nausikia, harufu iko wapi?

Na mara nyingi harufu haipo. Imekufa.

Hopsi zinapenda siku ndefu za kiangazi za nchi zilizo mbali na ikweta. Sisi tuna saa kumi na mbili za mchana mwaka mzima, na hazitoshi. Kwa hivyo hopsi zinazoishia kwenye bia za Nairobi zimesafiri: Ujerumani, Ucheki, Marekani, ama Afrika Kusini, ambako zinalimwa karibu na mji wa George. Zikishaingia kwenye bia, adui zake ni watatu: joto, hewa na mwanga. Joto linaichosha harufu. Hewa ikiingia, bia inaanza kunuka katoni iliyonyeshewa. Mwanga wa jua ukipiga chupa ya kijani ama isiyo na rangi, viambato vya uchungu vinavunjika na kutoa harufu ya kicheche. Kama hujawahi kumnusa kicheche, fikiria raba na kahawa iliyoungua. Chupa ya kahawia inakinga, ndiyo kazi yake, si urembo.

Haya, sasa tembea mjini uone. Chupa zimepangwa dirishani, jua la saa nane linazipiga kama nguo zimeanikwa. Mitungi imekaa stoo ya mabati. Halafu usiku unaletewa glasi ya shilingi 600 na unaambiwa ina harufu ya maua na balungi. Harufu ya balungi ilishapaa stoo wiki mbili zilizopita, bana. Unalipia jina la mwendazake.

Nitakupa mfano. Niliagiza pilsner kwenye baa moja ya krafti Westlands, mahali pa taa hafifu na viti virefu. Ilikuja na povu zuri. Nikanusa: siagi. Si siagi kidogo kama ya mkate, siagi ya bisi za sinema. Mpishi yeyote wa bia anaijua harufu hiyo. Hamira huitoa inapofanya kazi, kisha ikipewa siku zaidi huila yenyewe. Ukiikuta kwa wingi hivyo kwenye pilsner, kwa kawaida mtu alikuwa na haraka, ama mabomba yake hayajasafishwa. Nikamwita mhudumu, nikamweleza kwa upole. Akasema, "Boss, hiyo ndiyo ladha yake. Ni krafti." Nikaomba kuongea na meneja. Meneja akaja, mtu wa heshima, akanisikiliza, akatabasamu, akasema: "Ndugu yangu, wewe ndiye wa kwanza kulalamika."

Sikumkasirikia. Namwamini kabisa. Ilikuwa Ijumaa, baa imejaa, kila meza ina glasi kama ile yangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Hilo jibu lake ndilo lililonifanya niandike. Mgema hakuwa amejificha. Alikuwa anatangaza: hakuna aliyewahi kusema chochote, basi hakuna tatizo.

Mtu huyohuyo anayekunywa siagi bila kukunja uso, mpeleke Marikiti. Atabonyeza parachichi kumi kabla ya kununua mbili. Mpeleke Kikopey. Atauliza mbuzi amechinjwa lini, atachagua mguu, atakataa nyama iliyokauka, atarudisha ugali mbichi. Mpe chai iliyopoa uone. Mwambie muuza matumbo kwamba leo hayajasafishwa vizuri, foleni nzima itakuunga mkono. Sisi si watu wasiojua ladha. Sisi ni watu wakali sana kuhusu ladha, isipokuwa tukiwa mbele ya kitu tulichoambiwa ni cha hadhi. Hapo tunaingiwa na adabu ya ghafla.

Adabu hiyo ina historia. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na wateja waliofikiriwa wakati huo walikuwa walowezi na hoteli zao. Hata jina Tusker linatokana na ndovu aliyemuua mmoja wa waanzilishi, George Hurst, alipokuwa akiwinda mwaka 1923. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kunywa bia ya chupa ya kizungu. Aliwekewa kilabu chake cha pombe kilichoendeshwa na halmashauri ya mji, na kwingineko busaa na muratina zikasakwa na askari. Kwa hivyo chupa ilipofunguliwa kwa wote, haikuja kama kinywaji tu. Ilikuja kama cheo. Uliiweka mezani ionekane. Lebo iliangaliwa kabla ya mdomo kufunguka. Nani angekuwa na ujasiri wa kukipata cheo kisha aseme kina ladha ya katoni?

Krafti imerithi kiti hichohicho. Imebadilisha glasi tu.

Ndiyo maana nina maneno na pande zote mbili. Nianze na nyinyi wa krafti, kwa sababu ndio mnaonisikitisha zaidi. Mnamcheka anayekunywa kegi. Mnasema hana ladha. Lakini Senator ilipoanzishwa mwaka 2004, serikali ikaipunguzia ushuru ili watu waachane na pombe za hatari, walioinywa walikuwa na hesabu zao na waliijua hela yao inanunua nini. Nimekaa kwenye baa za kegi za mtaa nikasikia mzee akinusa kikombe na kuuliza, "Huu mtungi mmefungua lini?" Swali zuri kuliko hilo sijalisikia Westlands. Nyinyi mnashika glasi ya mguu mrefu, mnasoma menyu inayosema kuna harufu ya msonobari na matunda ya misitu ya Ulaya, mnatikisa kichwa. Ni nani kati yenu ameshawahi kunusa tunda la misitu ya Ulaya? Mnakubali kwa sababu imeandikwa.

Na nyinyi mnaosema bia ni bia, cha muhimu ni kulewa. Sentensi hiyo ni zawadi kwa muuzaji. Kila muuzaji anayetaka kupunguza kimea, kupunguza hopsi na kupunguza muda anaomba usiku na mchana mteja aseme hivyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ukiona kitu kinatembezwa kwa mabango, madansa na fulana za bure, jiulize kwa nini hakiwezi kujiuza chenyewe.

Kuna atakayeniambia: hii ya kuonja ni mambo ya wazungu. Si kweli, na Mombasa watakucheka. Kabla ya mnada wa chai kule, kuna Wakenya ambao kazi yao ni kuvuta chai kwa kijiko kwa kelele, kuizungusha mdomoni, kuitema na kuandika inathamani gani. Nairobi kuna wengine wanaofanya hivyo na kahawa. Bei ya majani yanayolimwa Kericho na kahawa ya Nyeri inapita kwenye ndimi zao. Tuna taaluma nzima ya kuonja katika nchi hii. Tatizo ni kwamba tunaonja kwa niaba ya wanunuzi wa ng'ambo, halafu sisi wenyewe tukikaa mezani tunameza.

Atakayesema nahimiza ulevi, nimemsikia pia, na sitamdharau. Wengi wetu tumewazika watu. Mwaka 2014 makumi ya Wakenya walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sitadai kwamba kuonja kungewaokoa. Methanoli haijitangazi kwenye ulimi, na aliyekunywa kile kikombe alikinunua kwa sababu ndicho alichoweza kukinunua. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: mtu anayeonja hawezi kunywa haraka. Glasi ya tatu ulimi umeshachoka, pua imefunga, na kinachoingia baada ya hapo ni kioevu tu. Anayeonja anajua saa ya kuacha kwa sababu raha yake imekwisha. Asiyeonja hana kipimo ila meza. Na kama hunywi kabisa, ama hujafika miaka 18, hoja yangu ni ileile kwa kahawa yako na juisi yako.

Basi twende kwenye glasi yenyewe. Hakuna siri wala cheti.

Kwanza, baridi. Katika nchi hii swali la kwanza baa ni "baridi ama moto?" na vijana tumewacheka wazee wanaosema moto. Tuache kucheka. Bia iliyotoka kwenye barafu inaufisha ulimi ganzi. Ni baridi tu unayoionja, na bia mbovu inaipenda sana baridi hiyo. Mzee wa moto angalau aliijua ladha ya alichokuwa anakunywa. Sisemi pilsner inyweke moto, la. Ingekuwa vyema kati ya nyuzi 5 na 8, yaani imetoka friji, si friza. Ikija na barafu glasini, iache dakika chache. Haitoroki.

Pili, glasi. Iwe safi, bila mafuta ya chipsi wala sabuni. Utajua kwa povu: pilsner iliyopikwa vizuri inasimamisha povu jeupe, zito, na kila unapokunywa linaacha mstari kwenye ukuta wa glasi kama pwani maji yakupwapo. Povu likizimika mara moja kama la soda, ama glasi ni chafu ama kuna lililoharibika ndani. Na usiinywe kwenye chupa. Mdomo wa chupa hauna nafasi ya pua, na nusu ya ladha iko puani.

Tatu, nusa kabla ya kunywa. Hapa ndipo nataka tuache maneno ya kuazima. Hopsi za Žatec zina harufu ya maua makavu, majani yaliyokatwa asubuhi, pilipili manga kwa mbali. Za Marekani za siku hizi, Citra na jamaa zake, zinaleta pasheni, embe bichi, ganda la balungi. Unazijua zote hizo. Ulikulia chini yake. Ukisikia mchaichai, sema mchaichai. Ukisikia majani ya mpera yaliyopondwa kiganjani, sema hivyo. Chini ya hopsi kuwe na kimea: mkate mweupe, ganda la chapati iliyotoka motoni, asali kidogo. Ukisikia siagi, mahindi ya kuchemsha, katoni ama kicheche, hayo si mahadhi ya krafti. Ni kasoro.

Nne, kunywa na umeze, kisha ngoja. Bia tofauti na chai haitemwi, kwa sababu uchungu wake unafika ukishapita. Utamu wa kimea unakuja mbele, halafu uchungu unapanda nyuma ya ulimi. Swali si kama ni chungu. Swali ni unaondokaje. Kwenye pilsner nzuri uchungu unapanda, unasimama, unakata, unaacha mdomo mkavu na safi na wenye hamu. Kwenye pilsner mbovu unang'ang'ania kama dawa ya malaria, unaacha ukakasi kama ndizi mbichi. Waliokula managu utotoni wanaielewa tofauti hii bila somo. Kuna uchungu wa mboga iliyopikwa na mwenye kujua, unaotaka ugali mwingine. Na kuna uchungu wa mboga iliyokomaa, unaofunga koo.

Angalia msamiati tulio nao hapo: uchungu, ukakasi, uchachu, ugwadu, ukavu, ubichi. Kiswahili kinatenganisha vitu ambavyo sisi baa tumevirundika kwenye maneno mawili, "kali" na "smooth". Kali ni yenye pombe nyingi? Kali ni chungu? Kali ni chachu? Hakuna anayejua, na mhudumu ukimwambia "niletee kitu si kali" anakuletea tamu. Ndiyo maana soko limejaa vinywaji vya sukari vyenye rangi ya peremende. Tulishindwa kusema tunachotaka, tukapewa wanachotaka wao. Ulimi usio na maneno hauwezi kudai.

Nadai mambo matatu, na hayahitaji bunge. Uliza tarehe. Bia ya hopsi haizeeki kwa heshima; inataka kunyweka ikiwa mbichi, na kiwanda kinachoona fahari kazi yake kitaandika siku iliyopakiwa. Uliza uonjeshwe kwanza. Baa inayouza kutoka kwa bomba haikosi glasi ndogo, na funda moja haliwafilisi. Na ikiwa mbovu, irudishe. Bila matusi, bila kupiga picha, bila kumdhalilisha mhudumu ambaye hakuipika. Sema tu: hii ina siagi, hii imezeeka, hii imepigwa na jua. Sema sababu. Mtu akikuambia wewe ndiye wa kwanza, mwambie wa pili yuko njiani.

Nina masilahi yangu katika hili, na si ya ajabu. Nataka wapishi wetu wadogo wadumu. Nataka yule msichana aliyesomea kemia ya chakula, anayepika lita chache Industrial Area kwa uangalifu wote, asishindwe na mwenye mitungi ya haraka na taa nzuri. Leo hawezi kumshinda, kwa sababu wateja hawatofautishi. Anapoteza wiki tatu zaidi akisubiri bia itulie kwenye baridi, analipia hopsi mbichi, anaosha mabomba, halafu glasi yake inawekwa kando ya ile ya siagi kwa bei moja na sifa moja. Mwezi wa sita atachoka. Atapunguza wiki moja. Atapunguza hopsi. Hakuna atakayesema neno. Mwaka wa pili atakuwa mgema kama wengine, na sisi tutakuwa tumemfundisha.

Kumsifu mpishi kila siku ni rahisi na ni bure. Heshima inagharimu zaidi: unanusa alichokupikia, unakaa nacho, unamwambia ukweli. Akipatia, mwambie amepatia wapi. Akikosea, vilevile. Wa Plzeň walimwaga mapipa 36 barabarani. Mimi sijakuomba umwage hata glasi. Nimekuomba uinuse.